Haller Park ya Bamburi, mahali ambapo jongoo hakutupwa

Kila likizo ya Desemba ikiingia, nyumba yetu ya Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, hupungua ukubwa. Kaskazi huwa imekwisha kuanza kuvuma, joto la mchana hubaki ndani ya kuta mpaka usiku wa manane, watoto hawana shule ya kuwachosha, na kila mtu humwona mwenzake kuwa ndiye anayemzibia upepo wa dirishani. Likizo iliyopita tuliamua kwamba pesa za matembezi zisiishe kidogo kidogo kwa aiskrimu na nauli za tuktuk, kama zilivyokwisha mwaka uliotangulia, bali zitumike kwa siku moja kamili mahali pamoja. Mashauriano yalichukua siku mbili. Mavyaa wangu, anayeishi nasi na ambaye goti lake la kushoto lina maoni yake kuhusu kila safari, aliyamaliza kwa kusema kwamba mahali pasipo kivuli yeye haendi. Fort Jesus ikaondolewa papo hapo, pwani ikafuata, na tukabaki na Haller Park, hifadhi ya miti na wanyama iliyoko Bamburi.

Naandika tathmini hii kwa ajili ya familia za wenyeji wanaojiuliza kama viingilio vya watu watano vina thamani, kwa kuwa mgeni aliyekuja kwa wiki moja ana hesabu zake nyingine. Na nianze kwa kukiri kwamba mimi mwenyewe sikuwa na hamu. Nilikwisha kufika pale mara mbili, mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi katika foleni ndefu iliyokatazwa kuzungumza, na mara ya pili nikiwasindikiza jamaa waliotoka bara, na mara zote mbili nilirudi na picha ya twiga na wazo kwamba pale ni mahali padogo pa kutazama wanyama, basi. Mara hii ya tatu nimebadilisha rai. Sababu ni kwamba tulichukua mwongozaji, na mwongozaji huyo hakuanza na twiga bali alianza na ardhi.

Kufika ni rahisi. Kutoka mjini mtu hupanda matatu ya Mtwapa au ya Bamburi, akavuka Daraja la Nyali, akapita Kongowea na Bombolulu, kisha akashuka langoni, kwa kuwa hifadhi iko upande wa kushoto wa barabara ya Malindi unapoelekea kaskazini. Wakati wa kurudi, hata hivyo, lazima uivuke barabara hiyo, na mwenye mtoto mdogo au mzee amshike mkono barabara, maana malori ya upande ule hayana subira. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo vitambulisho visiachwe nyumbani. Mume wangu alikumbuka suruali aliyokiacha kitambulisho chake tukiwa tumekwisha kufika Buxton, na hadithi ya namna alivyorudi kukifuata sitaieleza, kwa heshima yake.

Sasa ardhi. Mahali palipo na msitu ule leo palikuwa timbo la mawe. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na malighafi yake ni jiwe la matumbawe, yaani mwamba wa zamani wa bahari uliobaki nchi kavu bahari ilipoondoka. Jiwe lilichimbwa mpaka karibu na usawa wa maji ya chini, ambayo yenyewe yana chumvi, na kilichobaki nyuma ya mitambo kilikuwa sakafu nyeupe isiyo na udongo wala jani, inayorudisha jua usoni kama bati. Mwaka 1971 kampuni ilimpa René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, kazi ya kuiotesha sakafu hiyo. Alijaribu aina 26 za miti. Baada ya miezi kadhaa zilizosalia hai zilikuwa tatu tu: mnazi, mti uitwao damas wenye asili ya upande wa Somalia, na mvinje.

Mwongozaji wetu, kijana wa pwani aliyesema Kiswahili cha kupendeza na ambaye hakuwa na haraka hata kidogo, alitusimamisha chini ya mvinje mmoja akamwomba binti yangu wa miaka kumi na mmoja aguse ukuta wa timbo uliokuwa nyuma yake. Akauliza kwamba ni nini hicho anachokigusa. Binti akatazama, akaona alama za duara duara zenye mistari kama nyota, akasema ni kama zile za ukuta wa ngazini kwetu. Ndizo. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa jiwe lilo hilo, na Fort Jesus vilevile, na kwa miaka kumi na mmoja mtoto huyu amekuwa akipandisha ngazi akiegemea wanyama wa baharini bila ya mtu kumwambia. Wala mimi sikuwa nimemwambia, kwa sababu sikuwa nimewahi kutazama.

Mvinje uliweza kuishi pale kwa sababu huvumilia chumvi na kwa sababu mizizi yake huwahifadhi bakteria wanaochukua nitrojeni hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti, jambo ambalo ni kubwa mahali pasipo na udongo. Lakini likazuka tatizo la pili. Majani yake, ambayo ni membamba kama sindano, yalianguka na kulala pale pale bila kuoza, kwa kuwa yana tanini nyingi na vijidudu vya kawaida haviyawezi. Miti ilikua juu ya zulia kavu lisilogeuka kuwa chochote. Jibu lilikuwa jongoo. Jongoo wale wenye miguu myekundu, ambao kila mtu wa pwani amewaona wakati wa mvua na akawarusha kwa kijiti, walionekana wakiyala majani hayo bila shida, wakakusanywa na kuachiwa msituni kwa wingi, na kinyesi chao ndicho kilichokuwa mboji ya kwanza ya pale. Udongo ulipopatikana, miti mingine ikaweza kupandwa, ndege wakaja, na wanyama wakaletwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa njia ya kupita kati ya miti hiyo.

Mavyaa wangu aliyasikiliza maelezo haya ameketi kwenye benchi, ameegemea mkongojo, amefunga macho, nami nikadhani amesinzia. Mwongozaji alipomaliza, akafungua jicho moja akauliza: "Na yule aliyesema mtupa jongoo hutupa na mti wake, alikuwa hajafika huku?" Kijana alicheka mpaka akashika mti. Kuanzia hapo hakumwita tena "mama", bali "bibi yetu", na kila tulipofika penye benchi alisimama bila kuambiwa.

Nimekaa sana juu ya ardhi kwa sababu hapo ndipo penye thamani ya kiingilio. Mtu akiingia na kwenda moja kwa moja kwa wanyama, atakuwa ameona wanyama waliomo ndani ya nyua, na ikiwa amewahi kufika Tsavo au Shimba Hills atasema kwa haki kwamba kule ni bora. Haller Park si mbuga na haipaswi kupimwa kama mbuga. Mamba wako kwenye mabwawa yao, nyoka wako nyuma ya vioo, pofu na kuro wako mbali kidogo, na mtoto aliyelelewa kwa filamu za simba wakikimbiza nyati huenda akauliza, kama alivyouliza mwanangu wa miaka sita, kwamba simba wako wapi. Hawapo. Ni vizuri kumwandaa mapema.

Alichosamehea simba ni twiga. Siku tuliyokwenda walilishwa saa tisa alasiri, na mgeni hupewa punje za chakula mkononi, akapanda jukwaa, na twiga akaja na ulimi wake mrefu wa rangi ya zambarau iliyoiva akazikusanya. Mwanangu alikuwa amejisifu tangu nyumbani kwamba yeye haogopi. Ulimi ulipomgusa kiganja alizimwaga punje zote na kujificha ndani ya buibui la bibi yake, kisha baada ya dakika mbili akatoa kichwa na kuomba nyingine. Tuliirudia safari hiyo ya jukwaani mara nne. Kama una nafasi ya siku moja tu, panga uingie kiasi cha saa saba u nusu, umsikilize mwongozaji kivulini wakati jua ni kali, kisha ufike kwa twiga wakati wa kulishwa na kwa viboko baada yake, saa kumi. Anayeingia asubuhi na kutoka adhuhuri huwakosa viboko wakiwa nje ya maji, akatazama pua mbili na masikio manne.

Kuhusu viboko, watoto wa Kibokoni kwenda Bamburi kutazama kiboko ni jambo ambalo majirani bado wanatutania. Binti yangu alikuwa na lake moyoni, kwa kuwa alisikia shuleni habari za Owen na Mzee. Owen alikuwa kiboko mchanga aliyetenganishwa na wenzake na kukwama kwenye mwamba wa bahari karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, wavuvi na wakazi wakamwokoa kwa nyavu, naye akaletwa hapa. Alipofunguliwa alimkimbilia kobe mkubwa wa aina ya Aldabra, mwenye umri uliokadiriwa kuwa miaka 130, akajificha nyuma yake kama ambavyo angejificha nyuma ya mama, na kobe huyo, Mzee, baada ya kuudhika siku za mwanzo akamkubali. Walikula pamoja na kulala pamoja mpaka Owen alipokuwa mkubwa mno, akahamishiwa kwa kiboko wa kike ili asimwumize mwenziwe. Binti yangu aliliona suala hilo la kutenganishwa kuwa dhuluma na akalijadili na mwongozaji kwa muda mrefu. Alikubali kushindwa pale tu alipomwona kiboko mzima akitoka majini na kufahamu uzito unaozungumziwa.

Tumbili wanahitaji onyo lao peke yao. Wamo kila mahali, hawamwogopi mtu, na wanaijua sauti ya karatasi ya plastiki. Tulikuwa tumebeba mabuyu, mihogo ya kukaanga, na viazi karai vya mavyaa vilivyofungwa vizuri kwenye kontena. Viazi vilisalimika. Pakiti ya mabuyu ilichukuliwa kutoka mkononi mwa mume wangu kwa adabu kubwa, bila mkwaruzo, na mwizi akaketi juu ya tawi akila na kututupia kokwa. Mavyaa alisema ni haki yake, kwa kuwa mbuyu ulikuwa wa nyani kabla ya kuwa wa binadamu. Chakula kiwekwe ndani ya mkoba wenye zipu, na wala wasipewe kwa mkono, maana tumbili aliyezoea kupewa hatimaye hujichukulia.

Kwa mwenye mzee au mtu asiyetembea vizuri, njia kwa jumla ni tambarare, ingawa kuna sehemu zenye mizizi na changarawe ambapo mkongojo huhitaji msaada. Sisi tulitumia saa tatu na nusu kwa mwendo wa mavyaa, na watu wepesi wangezitumia chini ya mbili. Kivuli kipo karibu muda wote, na chini ya mivinje kuna upepo wenye mlio wa bahari, ambao mwanangu aliusikiliza akasisitiza kwamba ufuo uko nyuma ya mti. Sala ya alasiri tuliisali kwa zamu juu ya mkeka wetu, kwenye majani laini yaliyodondoka. Maji ya kunywa tulibeba lita tano na yakaisha, na mtu asitie shaka kwamba ni mengi, kwa kuwa ndani ya timbo hewa ni nzito kuliko barabarani.

Tulipotoka tulikula mahali ambapo sitapataja, si mbali na barabara kuu, kwa kuwa huenda siku hiyo ilikuwa mbaya kwao. Biriani tuliyoagiza saa kumi na moja kasoro ilifika saa kumi na mbili na dakika kumi, wali ukiwa moto na kuku akiwa hana habari. Viazi karai vilivyonusurika kwa tumbili ndivyo vilivyowazuia watoto wasilie. Ushauri wangu ni kubeba chakula cha kutosha, au kusubiri mpaka mrudi mjini mkale mnachokijua.

Kwa kawaida tathmini ingeishia kwenye chakula, lakini matembezi haya yalitufuata nyumbani kwa namna ambayo matembezi mengine hayakuwahi kutufuata, na naona ni sehemu ya kile tulichokilipia. Kwanza ni ukuta wa ngazini. Miaka mingi iliyopita mtu aliupaka plasta ya saruji katika sehemu iliyobomoka, na tangu hapo plasta hiyo hutoa malengelenge, ikamwaga unga wa chumvi kila baada ya mvua, tukaikwangua na kuipaka rangi, ikarudia. Fundi mwashi mzee wa mtaani kwetu alikuwa akituambia kila mwaka kwamba jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na lazima liachiwe liutoe, na saruji huufungia ndani, na kila mwaka tulimjibu kwamba chokaa ni ghali na huchelewa kukauka. Baada ya binti yangu kuwapeleka watoto wa majirani wote kuona "wanyama wa ukutani", sikuwa na uso wa kuifunika tena sehemu ile. Fundi aliibandua saruji, akapaka chokaa na mchanga kwa tabaka nyembamba, akaacha kipande cha ukubwa wa sinia bila kukipaka ili jiwe lionekane. Ilichukua karibu wiki tatu kukauka vizuri. Uso wa nje hatukuugusa, kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na mabadiliko ya nje yana taratibu zake. Mpaka sasa hakuna lengelenge, ingawa masika bado hayajaingia na hukumu ya kweli itatolewa na masika.

Pili ni roshani, ambayo ilikuwa ghala la ndoo zilizopasuka na baiskeli isiyo na mnyororo. Tuliiondoa mizigo, tukatundika pazia la vijiti vya mianzi upande wa jua la jioni, na tukapanga madebe sita ya mimea: mrehani mara mbili, mchaichai, pilipili, na miche miwili ya asumini tuliyoinunua kando ya barabara siku ile ile ya matembezi. Asumini mmoja ulinyauka katika siku nne. Tulipoung'oa tukakuta ni tawi tu lililochomekwa kwenye udongo, halina mzizi hata mmoja. Muuzaji simtaji, kwa kuwa nilipopita tena hakuwepo, lakini nimejifunza kuuvuta mche taratibu kabla ya kutoa pesa. Pazia lile la mianzi, kwa upande wake, limepunguza joto la chumba cha watoto kuliko feni tuliyoinunua mwaka juzi, na bei yake haikufika hata robo ya bei ya feni.

Tatu ni debe la saba, ambalo liko juu darini kwa masharti ya mavyaa. Binti yangu alitaka kubeba jongoo kutoka Bamburi, na mwongozaji akamweleza kwa upole kwamba kitu cha hifadhi hakitoki hifadhini. Wiki iliyofuata, tulipokwenda Kisauni kumzuru shangazi yake, manyunyu ya mwisho ya vuli yalikuwa yamepita usiku, na chini ya mwembe jongoo walikuwa wakitembea kama wana miadi. Alirudi na wanne ndani ya kopo lenye matundu. Mavyaa alisimama mlangoni akasema nyumba hii ina yeye au ina jongoo. Baada ya majadiliano ikakubaliwa kwamba watakaa darini, ndani ya debe lililojazwa majani makavu ya mwembe na kunyunyiziwa maji kidogo, na kwamba hakuna atakayeshuka hata ngazi moja.

Kazi yao ni ya polepole. Baada ya miezi miwili chini ya debe pana tabaka la punje nyeusi ndogo, kiasi cha kujaza vikombe viwili vya kahawa, na binti yangu amezitia kwenye mrehani mmoja na kuuacha mwingine ili alinganishe. Mrehani uliopewa una majani mengi zaidi, lakini pia ndio ulio karibu na bomba la maji, kwa hiyo nimemwambia abadilishe nafasi zao kabla ya kutangaza ushindi. Anataka turudi Haller Park likizo ya Agosti, wakati wa kusi, akamwulize yule kijana maswali ambayo ameyaandika kwenye daftari, na viingilio vyake ameanza kuviweka mwenyewe kwenye kopo la maziwa.

Jongoo waliomo debeni sasa ni watatu. Wa nne hatujamwona tangu Ijumaa, na mavyaa bado hajaambiwa.